Kaka Anataka Niseme Uzazi Ndio Ulioandika Sabuni

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni hapa ofisini, nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, karatasi iko gotini, kwa hiyo nisamehe mwandiko, na nisamehe hasira pia, maana nikijaribu kuitoa kwenye barua hii hakutabaki kitu cha kusoma. Nataka unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa mwisho ana miezi saba, na kazi yangu ni uwakala wa forodha, yaani watu wakiagiza mizigo kutoka nje au wakipeleka nje, mimi ndiye ninayeandaa nyaraka zao, nasoma ankara, nasoma hati ya shehena, nasoma orodha ya vifurushi, halafu naingia kwenye mfumo wa forodha na kutamka kwamba ndani ya kontena hili kuna kitu fulani, kiasi fulani, na serikali inaniamini kwa sababu nilifanya mtihani, nikafaulu, nikapewa leseni yenye jina langu. Ofisi ni ya kaka yangu wa tumbo moja, amenizidi miaka tisa, na mtihani huo aliufanya mara tatu ukamshinda, kwa hiyo ofisi nzima inakula kwa leseni yangu, ambayo ameitia kwenye fremu akaitundika ukutani juu ya kiti chake yeye wala si changu, na wateja wakiingia wanamwita Mzee wa Mihuri, mimi wananiambia dada tuletee maji ya kunywa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Nilipojifungua huyu wa pili, wiki ya kwanza tu, mtoto hajajua kushika titi, mshono unaniuma, hata kukaa siwezi, kaka akanipigia simu akaniambia mdogo wangu hebu nitumie neno lako la siri la kuingilia kwenye mfumo, kuna kazi moja tu imekwama na mteja ananipigia kelele. Nikamtumia. Najua haturuhusiwi, nilitia saini karatasi nzima ya masharti kwamba sitampa mtu, lakini ni kaka, na nilikuwa nataka simu ikatike nilale. Kazi moja hiyo ikawa kumi na moja. Niliporudi ofisini baada ya miezi mitatu nikakuta matamko kumi na moja yamepelekwa forodhani kwa jina langu, tarehe zote mimi niko kitandani nanyonyesha, nikamuuliza, akacheka, akasema kwani ulitaka tufunge ofisi kwa ajili ya tumbo lako, nikarudi mezani kwangu. Neno la siri sikulibadilisha kwa sababu nilijua angeniuliza nimelibadilisha kwa nini.

Katika hayo kumi na moja lilikuwepo moja la mteja mmoja anayewauzia wenye mahoteli dawa ya mabwawa ya kuogelea, ule unga mweupe wenye harufu kali unaotiwa kwenye maji. Unga ule ni kemikali hatari, huwezi kuuingiza nchini bila kibali, na kibali kinachukua wiki tano au sita kwa sababu lazima wakaguzi waje walione ghala lako, waone mna vifaa vya zimamoto, waone vibarua wamefundishwa, na mteja yule hakuwa na wiki sita wala hakuwa na ghala la kuonyesha mtu. Kaka akaandika sabuni ya unga. Aliandika yeye, kwa mkono wake, kwa jina langu.

Kontena la pili la mteja huyo lilikuja mimi nimesharudi kazini. Na hapa, mshauri, naomba unielewe jinsi tunavyofanya kazi, si ofisi yetu tu, wengi tu: mteja akiwa yuleyule na mzigo uleule, huanzi tamko upya, unafungua la zamani, unalinakili, unabadilisha namba ya kontena, uzito na tarehe, unapeleka, dakika kumi umemaliza. Nikafungua lile la kaka nikaanza kunakili. Nikafika kwenye orodha ya vifurushi nikaona mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, kilo arobaini na tano kila moja. Nikamwita kaka. Nikamuuliza, kaka, tangu lini sabuni ya unga inasafiri kwenye mapipa? Alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa, akasema tangu mteja alipoamua, wewe chapa. Nikachapa. La tatu lilipokuja sikuuliza tena, nikanakili tu.

Wiki iliyopita wakafungua kontena la pili kule ghalani kwa mteja. Pipa moja likaanguka likapasuka, unga ukamwagika, msimamizi akaangalia karatasi ya mzigo akaona sabuni, akawaambia vibarua wamwagie maji wafagie, na walipoona utelezi wakatupia unga wa mbao juu yake, basi ukaanza kuchemka na kutoa moshi wa kuchoma macho, watu wakatoka mbio. Mbeba mizigo mmoja amelazwa, wanasema ni kifua. Forodha wakaja, wakachukua sampuli, wakaenda kwenye mfumo kutazama nani alitamka kwamba ile ni sabuni, na wakakuta jina langu, mara tatu.

Sasa wanataka maelezo yangu kwa maandishi kufikia Ijumaa saa nne asubuhi. Jana kaka ameniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanipa karatasi ameshaichapa, imebaki saini. Naandika hapa maneno yake ili usije ukadhani natia chumvi: «Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba kutokana na uchovu wa baada ya kujifungua nilichagua bidhaa isiyo sahihi kwenye mfumo, na kwamba mwenye ofisi hakuwa na taarifa yoyote.» Mshauri, mtu huyu alikuja hospitali siku ile akambeba mwanangu, akasema huyu amefanana na mimi, na leo huyohuyo mtoto anamfanya kisingizio. Nilimwambia, kaka, lile la kwanza nilikuwa kitandani. Akaniambia basi sema ulilifanya ukiwa nyumbani kwa simu, nani atajua, watakusimamisha mwaka mmoja tu wakurudishie, lakini mimi wakinishika wanafunga ofisi na tunakufa njaa wote. Nimeuliza pembeni, si mwaka mmoja, ni kunyang'anywa moja kwa moja, na kesi juu.

Nilipokataa akampigia mama. Mama amekuja nyumbani kwangu jana jioni, hata maji hakunywa, akasema mwanangu, kaka yako aliacha shule darasa la saba akaenda kusukuma mkokoteni sokoni ili wewe usome, hiyo leseni unayoringia aliinunua kwa mgongo wake, na leo anakuomba saini moja unamkunjia uso. Mshauri, mama anasema kweli. Aliacha shule kweli. Nilikuwa namwona anarudi mabega yamechubuka. Ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri, namchukia kidogo halafu nakumbuka yale mabega. Mume wangu anasema nikitia saini yeye hatanisemesha tena, mama anasema nisipotia nisimwite mama, na karatasi iko kwenye mkoba wangu imekunjwa mara nne.

Kontena la tatu bado halijafunguliwa, lilishatoka forodhani kabla ya tukio na bado hakuna aliyelifuata, liko kwenye yadi ya ghala lilelile lenye geti la bluu nyuma ya kiwanda cha magodoro, lakini hilo ni jambo jingine. Ninachotaka uniambie ni kimoja: nitie saini nimwokoe kaka nipoteze leseni, au nikatae niokoe leseni nimpoteze kaka na mama? Namba yangu ya simu nimeiweka chini, usiichape.

Ni mimi,
Leseni Ukutani

*

Leseni Ukutani, marahaba.

Naanza na hilo ulilosema ni jambo jingine. Umekaa juu ya ndoo, umeandika kurasa nne, umenieleza fremu iko juu ya kiti cha nani na nani hakunywa maji, kisha mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka kufunga dirisha, unanitajia kontena zima la kemikali lililokaa juani nyuma ya kiwanda cha magodoro, karatasi yake ikisema sabuni. Mdogo wangu, hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine karibu yote kwenye barua yako yanaweza kusubiri hadi Ijumaa. Hilo halikuweza kusubiri hata gazeti litoke.

Kwa hiyo wasomaji wajue kilichotokea. Barua hii ilinifikia Jumanne asubuhi. Saa tatu nilipiga ile namba. Ulipokea, ukaninong'oneza kwamba kaka yuko karibu. Nilikwambia uwapigie zimamoto na forodha uwaambie kilichomo kwenye kontena la tatu, na nikakupa muda mpaka saa sita mchana. Ukaniambia utaangalia. Saa sita ikapita. Saa saba kasoro nikawapigia mimi mwenyewe, nikawapa geti la bluu na kiwanda cha magodoro, jina lako sikulitaja kwa sababu silijui. Nimefundishwa kutunza siri za watu na nimezitunza miaka kumi na minne kwenye ukurasa huu, lakini siri inayoweza kumuunguza mtu mwingine siitunzi, na kama hilo linakukera, kereka. Kaka yako asihangaike kutafuta aliyemchoma. Ni mimi.

Sasa swali lako. Usitie saini. Hilo halihitaji hata dakika moja ya kufikiri. Mtu anayechukua uzazi wa dada yake akaugeuza kisingizio, tena kwa maneno ya kiofisi, na nafasi ya saini ameshaacha chini, amekuvunjia heshima kwa namna ambayo mimi ningemtupia hiyo karatasi usoni. Nilipousoma mstari ule niliinuka nikaenda kusimama barazani kwanza. Wanawake wangapi wanarudi kazini na maziwa yanawachuruzika kifuani, wanafanya kazi bila kukosea hata namba moja, halafu anatokea bwana aliyeshindwa mtihani mara tatu anatuandikia sote kwamba uzazi unaharibu akili. Hasira yako ni halali na mimi nimeiongezea yangu.

Lakini usinipangie kwamba ama utie saini uwe kafara, ama ukatae ubaki msafi. Msafi si wewe. Tamko la kwanza aliliandika kaka, sawa, kadi yako ya kliniki itaonyesha ulikuwa wapi siku ile. La pili uliliandika wewe. Uliona mapipa. Ulijua, ndiyo maana ulimwita ukamuuliza, mtu asiyejua haulizi. Alikujibu na chakula mdomoni, nawe ukachapa. La tatu hukuuliza hata hilo swali. Unaniambia ndivyo mnavyofanya kazi wote, mnafungua la zamani mnabadilisha tarehe. Mimi sijui forodha, lakini nilimuuliza mpwa wangu anayefanya kazi hiyohiyo, akasema ndiyo shangazi, tunafanya. Nikamwambia basi nyinyi hamtamki kilichomo ndani ya kontena, mnatamka kilichokuwemo kwenye la mwaka jana. Akanikatia simu. Na wewe nuna ukitaka, lakini serikali haikukupa leseni kwa sababu unachapa haraka. Ilikupa ili awepo mtu mmoja kati ya pipa na yule anayelibeba ambaye amesoma karatasi.

Kuhusu mabega ya kaka yako, sitayadharau. Mtoto aliyeacha shule akasukuma mkokoteni ili mdogo wake asome amefanya jambo kubwa, na unamheshimu kwa hilo mpaka unaingia kaburini. Ila jiulize hao waliokuwa wanapakua mapipa pale ghalani ni akina nani. Ni watu wenye mabega kama yake. Yeye kuliko mtu yeyote alijua kazi ile inavyouma, na bado aliwapelekea unga ule akauita sabuni. Mama yako ukimjibu, mjibu kwa adabu, umkalie chini, usimpandishie sauti, lakini mwambie hivyo. Mwambie mama, nisingekuwa na leseni kama kaka hakubeba mizigo, na kuna mtu mwingine amelazwa kwa kubeba mizigo yetu, naye ana mama. Akikuambia usimwite mama, endelea kumwita. Mama zetu wanasema hivyo, halafu mtoto wako akipata homa wao ndio wa kwanza kufika.

Haya, fanya hivi. Leo, kabla hujarudi kwenye kiti chako, badilisha neno la siri, na akiuliza kwa nini mwambie kwa sababu ni langu. Karatasi aliyokuandikia usiichane wala usimrudishie, itunze, siku ikifika yenyewe itaeleza nani alikuwa anataka nini. Tafuta wakili wako mwenyewe, si yule wa ofisi, yule ana bosi. Kisha kaa na wakili huyo uandike maelezo yako kwa mkono wako, uyaseme matamko yote matatu, la kwanza nani aliliandika na uliwezaje kumpa neno lako la siri, la pili ulivyoona mapipa ukachapa, la tatu ulivyonakili macho makavu. Usijipunguzie. Ukijipunguzia kidogo watakukamata kwenye hicho kidogo na hawatakuamini kwenye kikubwa. Inawezekana wakakunyang'anya leseni hata hivyo. Sitakudanganya kwamba ukweli utakurudishia fremu. Lakini kuna tofauti kati ya mwanamke aliyenyang'anywa leseni kwa kosa lake na aliyenyang'anywa kwa la kaka yake, na mumeo ameshaiona, ndiyo maana anatishia kununa.

Kaka mwambie ana kwa ana kabla hujapeleka, usimvizie. Mwambie leo hii Jumatano, apate siku moja ya kwenda mwenyewe akaseme yake. Kama ni yule kaka wa mkokoteni, atakwenda. Kama siye, utakuwa umeshajua unamlilia nani.

Limebaki moja, nami nimeliona nilipoisoma barua mara ya pili, simu yako haipokelewi tena, na hilo ulifanye kabla ya wakili, kabla ya mama, kabla ya kaka. Katika barua yako yote mbeba mizigo umempa mstari mmoja, «wanasema ni kifua». Nani wanasema? Wanasemaje? Yule mtu alipofikishwa hospitali waliompeleka waliulizwa amevuta nini, wakatoa karatasi ya mzigo, na karatasi imeandikwa sabuni. Huenda daktari mpaka leo anamtibu kwa karatasi yako. Nenda hospitali, mwone daktari wa zamu, umtajie unga ule kwa jina lake halisi lililoko kwenye ankara ya mteja. Nenda sasa hivi, gazeti utalimalizia njiani.